Mwalimu Mkuu wa Kwenye Televisheni

Mwaka 2003 mpwa wangu alirudi kutoka Johannesburg na sanduku la mikanda ya video. Jioni moja, hapa Nyalikungu, tuliketi na majirani kutazama mchezo wa mfululizo uitwao Yizo Yizo, ambao televisheni ya taifa ya Afrika Kusini ilianza kuuonyesha mwaka 1999. Waigizaji walisema Kizulu, Kisotho na lugha ya mitaani, nasi tukafuata maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya picha. Alipotokea mkuu wa shule, Bwana Mthembu, mpwa wangu alicheka hadi akajifuta machozi.

"Mjomba," akasema, "huyu si wewe kabisa?"

Nilicheka pamoja naye, lakini usiku ule usingizi ulichelewa kunijia.

Ndugu msomaji, Mthembu anaongoza shule ya sekondari ya kubuni iitwayo Supatsela, katika kitongoji cha watu weusi. Anatawala kwa fimbo, ingawa sheria ya shule ya mwaka 1996 ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku nchini humo. Kipigo chake kinamfikisha mahali pa kuondoka. Anapoondoka, shule inaporomoka: wahuni wanaingia, bangi inauzwa, walimu wanakata tamaa. Mwishowe anakuja mwanamke, Grace Letsatsi, anayejaribu kuijenga shule upya pamoja na wanafunzi na wazazi wao.

Pale sebuleni, karibu sote tulikuwa na neno moja: mrudisheni Mthembu! Nami nilikuwa wa kwanza kulisema.

Jambo hilo lilinishangaza baadaye, kwa sababu tulikuwa tumezoea michezo ya namna hiyo. Tangu mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza Twende na Wakati, na watu walimfahamu Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake wengi, kama wanavyomfahamu jirani yao. Mkwaju aliwekwa pale ili tuuone mwisho wake, na alipopatwa na UKIMWI sikumsikia mtu akitamani kuwa Mkwaju. Mthembu naye aliwekwa ili tuone ubaya wa njia yake, lakini sisi tukamtamani. Kwa nini?

Nadhani jibu liko katika historia yetu. Fimbo haikuzaliwa shuleni. Enzi za Wajerumani, adhabu ya viboko 25 ilikuwa maarufu kiasi kwamba wazee waliipa jina, "hamsa ishirini". Waingereza walikuja, na fimbo ikabaki. Tulipopata uhuru mwaka 1961 tuliteremsha bendera yao, lakini kiboko tulikiacha pale pale ofisini. Kanuni za mwaka 1979 zilikiwekea mipaka ya viboko sita, na zile za mwaka 2002 zikapunguza hadi vinne. Kanuni hizo zilidai pia kwamba kila adhabu iandikwe kitabuni.

Mimi nilitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, na kufikia mwaka 1977 elimu ya msingi ilikuwa ya kila mtoto. Lilikuwa jambo jema, tena la kujivunia. Lakini madarasa yalijaa kuliko walimu, na mwalimu kijana aliyekabidhiwa umati wa watoto, ubao mmoja na chaki chache alishika kilichokuwa karibu. Baadaye nikawa mwalimu mkuu. Shule yangu ilikuwa kimya, na wakaguzi waliusifu ukimya huo. Sikujiuliza ulikuwa ukimya wa namna gani.

Msimu mmoja wa pamba, mvulana wa darasa la sita alichelewa siku nne mfululizo. Siku ya nne sikumwuliza kitu. Nilimchapa viboko kumi na viwili mbele ya mstari, kisha nikaingia ofisini nikaandika sita. Jioni mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba kijana huyo alikuwa akilala kwenye kituo cha kununulia pamba, akilinda magunia ya nyumbani kwao yaliyongoja kupimwa, kwa kuwa baba yake alikuwa mgonjwa. Kesho yake hakuja shuleni. Keshokutwa hakuja. Hakurudi tena, nami sikwenda kwao kumwulizia. Nilijiambia kwamba mwalimu mkuu hawezi kumwomba radhi mtoto, maana shule itamshinda.

Sasa naielewa Supatsela vizuri zaidi. Tulipoiona inaporomoka tulidhani imeporomoka kwa kukosa fimbo. Kwa hakika ilikuwa imekwisha kuporomoka wakati Mthembu yupo, ila kelele zake zilifunika ufa. Hakuwafundisha watoto kujitawala, hakuwashirikisha walimu, hakuwaita wazazi. Utaratibu wote ulikuwa mkononi mwake, na alipotoka alitoka nao. Ndiyo maana kazi ya Bibi Letsatsi ilikuwa ngumu. Alianza kujenga pale ambapo mwenzake alikuwa hajaweka hata tofali moja.

Wapo watakaonipinga. Hata leo, nikipita sokoni Nyalikungu, watu wazima wenye familia zao huniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha huongeza, "Fimbo yako ndiyo iliyotunyoosha." Wengine ni walimu, mmoja ni daktari. Kwa miaka mingi niliyachukua maneno hayo kuwa ushahidi. Siku hizi nayapokea kwa shukrani, lakini nakumbuka kwamba wanaokuja kunishukuru ni wale waliobaki. Walioondoka hawana sababu ya kusimama njiani kuniamkia, na katika hesabu yangu ya mafanikio sikuwahi kuwaweka.

Yule kijana, kama yu hai, sasa ni mtu wa makamo. Pengine nimepishana naye mnadani nisimtambue. Kitabu cha adhabu bila shaka kilikwisha kuliwa na mchwa. Lakini ikiwa kipo mahali, ukurasa ule unasema sita, na mimi ndiye niliyeuandika. Vilikuwa kumi na viwili.