Diamba: kutoka sheria hadi kosa

Hapa kwetu Kamatanda, ukitaja diamba, watu wanafikiri mara moja juu ya polisi na vijana wapotevu. Lakini zamani, kule Kasai, diamba ilikuwa sheria.

Jina la bangi lilitoka India, likapitia pwani ya mashariki. Katika karne ya 19 mmea huu ulipata nguvu kati ya Bashilange, ndio Baluluwa wa leo. Chefu Kalamba Mukenge na watu wake wakajiita Bena Diamba, maana yake watu wa diamba. Waliipanda karibu na vijiji. Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walifika kwake mwaka 1881, wakaona watu wanavuta pamoja kwa kibuyu kikubwa. Dawa za zamani zilichomwa moto, malafu yalikatazwa. Mwenye kosa alivutishwa mpaka azimie. Kumbe si wote walikubali: umoja ule nao ulimwaga damu. Lakini waliouingia walisalimiana «moyo», maana yake uzima.

Mwaka 1903 serikali ya Leopold II ilikataza diamba. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, na watu wa Kasai wakapata njia rahisi ya kuja kufanya kazi katika migodi yetu. Mwaka 1992 na 1993 wengi walifukuzwa Likasi, hata waliozaliwa hapa.

Ndugu msomaji, siku hizi kijana anavuta peke yake, akijificha, bila mzee wala baraza. Mmea umebaki, sheria imepotea. Waliorudi bado wanatusalimia «moyo». Tuwaitikie.