Vitasa vya milango ya nyumba (Mwanza)

Katika nyumba nyingi za Mwanza mlango hulindwa mara mbili: kitasa cha kuchimbia kwenye ubao, na kufuli kwenye geti la nondo lililo mbele yake. Vitasa visivyotumia ufunguo, yaani vya namba ya siri, kadi, alama ya kidole au simu, ni vigeni zaidi.

Kitasa cha silinda kinatokana na kazi ya Mmarekani Linus Yale Mdogo, aliyepata hataza mwaka 1861 na 1865. Pini zenye springi huizuia silinda isizunguke. Meno ya ufunguo huzipanga kila moja kwenye kimo chake, silinda ikazunguka na kuvuta ulimi. Hakihitaji umeme. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye nyumba za kupanga: mpangaji aliyehama huenda alichongesha ufunguo wa pili, hivyo silinda ibadilishwe kila anapoingia mwingine. Namba ya siri hubadilishwa kwa dakika chache.

Wengi huhofia umeme kukatika. Vitasa vingi vya namba vya nyumbani hutumia betri ndogo, mara nyingi nne, na hutoa ishara zikikaribia kuisha. Vya sumaku ndivyo huachia mlango umeme ukikatika. Visiwekwe bila betri ya akiba.

Kwa kitasa cha alama ya kidole, jambo la kuangaliwa zaidi ni mikono. Anayeparua sangara au kushika zege kutwa nzima, michirizi ya vidole vyake hulika, na kidole kilicholowa hakisomeki vizuri. Kwa familia inayofanya kazi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, namba inafaa kuliko kidole.

Mlango wenyewe nao una neno. Wakati wa masika ubao huvimba. Mwenye ufunguo huuvuta kwa mkono mmoja, akazungusha kwa mwingine, na ulimi ukaingia. Mota ya kitasa cha namba hukwama, ikalia, ikaacha ulimi nusu njia huku betri zikiisha. Fundi arande ubao na kunyoosha fremu kabla ya kukifunga.

Anayenunua cha namba achague chenye tundu la ufunguo wa dharura, na ufunguo huo akae nao ndugu au jirani anayeaminika. Kufuli la geti likifungwa kwa ndani usiku, ufunguo wake utundikwe karibu na mlango, mahali ambapo hata watoto wanapajua na mkono wa dirishani haufiki.