Mabanyani wa Mrima na Mama Aliyebaki Kutch

Tarehe za Pangani na Tanga zimtajapo Banyani, yaani mfanyabiashara wa Kihindu, humtaja akiwa forodhani au nyuma ya mizani. Anapima pembe za ndovu, anawakopesha wenye misafara nguo za merikani na kaniki, anaandika daftari kwa hati ambayo wenyeji hawaisomi, na tarehe inamwacha papo hapo. Kaburi hana, maana maiti yake ilichomwa moto. Wasafiri wa katikati ya karne ya 19 waliomweleza kwa kirefu wana mengi ya kusema juu ya riba yake na machache juu ya ibada yake. Kutokana na ukimya huo pakazuka hukumu ambayo bado inasikika katika pwani hii ya Mrima: kwamba Banyani alikuja kuchuma tu, na kwamba dini hakuwa nayo ila rupia. Hukumu hiyo ni mbovu. Ibada ya Banyani haionekani Pangani kwa sababu sehemu yake kubwa haikufanyika Pangani. Alikuwa ni mtu wa hija, na njia ya hija yake ilikuwa ile ile ya jahazi lake.

Wengi wa watu hawa walitoka Kutch, magharibi ya Uhindi, kwenye bandari za Mandvi na Mundra. Tangu miaka ya 1830 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ya watu wa jamii ya Wabhatia wa Mundra, ilikodi forodha za Sultani wa Unguja kwa sehemu kubwa ya miaka hamsini iliyofuata, na mawakala wake wakaenea bandari za Mrima. Pangani na Tanga zilikuwa na thamani ya pekee, kwa kuwa njia za misafara ya Usambara, Kilimanjaro na Umasaini zilianzia huko. Msafiri Burton alipopita pwani hii mapema mwaka 1857 aliwakuta Mabanyani wameshikilia biashara. Karibu wote walikuwa wanaume: wake zao hawakuvuka bahari, na hali hiyo iliendelea mpaka karibu na miaka ya 1880. Neno hili la wanawake lishikwe vizuri, kwani ndilo linalofungua mengine yote.

Kwa Mhindu wa Kutch, Mungu hufikiwa kwa milango mingi, lakini mlango wa ukoo ni mmoja. Kila ukoo una Mama yake, mungu wa kike anayeitwa kuldevi, naye ana kiti chake mahali maalumu. Bwana na bibi harusi hupelekwa mbele yake. Mtoto hupelekwa kunyolewa nywele za kwanza. Aliye mkubwa Kutch ni Ashapura, mtimiza matumaini, Mama wa watawala wa Jadeja na wa koo nyingine nyingi, ambaye hekalu lake lipo Mata no Madh, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Bhuj. Mpaka leo mahujaji humwendea kwa miguu, na barabarani watu hujenga vibanda vya kuwapa chakula, maji na dawa ya malengelenge. Mabaharia nao wana Mama yao, Sikotar, ambaye jina lake huhusishwa na kisiwa cha Sokotra, kilicho njiani baina ya Uhindi na Afrika. Na huko Miani, karibu na Porbandar, husimuliwa habari za Harshad Mata, ambaye hekalu lake lilikuwa juu ya kilima likitazama bahari, na kila chombo alichokitupia jicho kikazama. Tajiri Jagadu wa Kutch akamwomba ashuke, naye akataka mhanga kwa kila ngazi. Wanyama walipokwisha tajiri akajitoa yeye na jamaa zake, Mama akaridhika, akawahuisha, akakaa bondeni asiione tena bahari. Ni hadithi, si tarehe. Lakini watu wanaosimulia hadithi ya namna hiyo hawaoni mali ya baharini kuwa kitu kilicho nje ya dini.

Tutazame sasa pepo. Kusi likiwa kali, Juni na Julai, bandari za magharibi ya Uhindi hufungwa kwa majahazi. Mwezi ukiwa mpevu katika Shravan ya kalenda ya Kihindu, aghalabu Agosti, watu wa pwani ile huitupia bahari nazi, na vyombo huanza tena kusafiri. Huku kwetu ndio wakati demani inapoingia: jahazi lililotoka Tanga mwishoni mwa Agosti lilifika Mandvi baada ya mwezi mmoja hivi, upepo ulipokubali. Na hapo ndipo, Septemba au Oktoba, huangukia Navratri, masiku tisa ya Mama, ambayo ndiyo majira makuu ya kwenda Madh. Wiki tatu baadaye ni Diwali, wafanyabiashara wengi wa Gujarat wanapofunga daftari za zamani na kufungua mpya. Kisha kaskazi ilivuma na vyombo vilirudi Afrika. Msimu wa bahari na msimu wa Mama vilikaa bega kwa bega, hata aliyerudi nyumbani kwa demani hakuhitaji kuchagua baina ya biashara na ziara.

Atasema mtu: hawakujenga mahekalu Mrima kwa sababu Sultani ni Mwislamu na asingekubali sanamu. Hoja hii haisimami, maana ukoo uliotawala Unguja ni ule ule wa Busaidi uliotawala Maskati, na msafiri Niebuhr, aliyefika Maskati mwaka 1765, aliandika kwamba Mabanyani wa huko waliishi kwa sheria zao, wakaleta wake zao, wakaweka sanamu majumbani na kuchoma maiti zao. Tofauti ya Maskati na Pangani haikuwa mtawala. Ilikuwa ni umbali, na wanawake. Waangalie pia Makhoja, Wahindi Waislamu, wengi wao wakiwa watu wa Kutch na Gujarat vilevile: wao waliwaleta wake mapema, na jamatikhana zao zikaota pwani mapema. Nyumba ya ibada hufuata jamaa. Mwanamume aliye peke yake dukani alitosheka na picha na taa ukutani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wabhatia ni wafuasi wa Krishna, si wa mungu wa kike. Ni kweli, na anayewaita waabudu Mama tu anakosea. Ila Krishna wa mtu hamwondoi Mama wa ukoo wake. Harusi na nywele za mtoto bado ni za Mama. Wengine watasema walirudi kwa ajili ya wake na hesabu, basi. Sawa, lakini ndoa yenyewe ilipitia mlangoni kwa Mama. Mkristo wa Muheza anayerudi kwao Krismasi anafuata ibada, wazazi au mchele wa sikukuu? Swali lenyewe halina maana.

Mambo yaligeuka pale njia ilipogeuka. Wajerumani walitwaa forodha mwaka 1888, Pangani ikawaka kwa vita vya Abushiri vya kuwapinga, na mwaka 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, mwaka ule ule Mjerumani Hindorf alipoleta miche ya mkonge. Reli ilifika Moshi 1911. Pangani ikalala, Tanga ikakua, na meli za moshi zikavunja amri ya pepo. Wanawake walikuja, na pamoja nao ukaja mtungi wa garba, wenye matundu na taa ndani, unaozungukwa kwa ngoma masiku tisa. Ngoma hiyo kiini chake ni wanawake. Duka la wanaume watupu lisingeweza kuicheza hata kama Sultani angelitoa kiwanja bure.

Je, Mama alipopata makao Afrika, hija ilikoma? Hapana, na hili ndilo linalothibitisha zaidi ya yote kwamba Banyani alikuwa mtu wa hija. Mama wa jumuiya anaweza kuhamia Tanga au Dar es Salaam. Mama wa ukoo hahami. Baada ya mashamba mengi ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967 na majumba kutwaliwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi zilihamia Uingereza na Kanada, na Leicester ikapata mahekalu na garba yake. Bado wapo wanaopanda ndege kwenda Madh, kupeleka maharusi na watoto. Hekalu hilo liliangushwa na tetemeko la 1819 likajengwa upya, na tetemeko la Januari 2001 liliharibu tena sehemu kubwa ya Kutch. Katika fedha zilizokwenda kuijenga mlikuwa na michango mingi ya Wakutch walioko ng'ambo, pamoja na waliokuwa wamewahi kuishi Afrika Mashariki.