RAM ya kompyuta mpakato

RAM ya kompyuta mpakato ni kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka programu na data inazotumia wakati huo. Mashine ikizimwa, yote hufutika. Kwa kawaida hukaa kwenye kibao kidogo cha kuchomeka kiitwacho SO-DIMM. Katika baadhi ya mashine imelehemiwa kwenye ubao mama, hivyo haibadilishwi.

Vizazi vyake haviingiliani: DDR3 ina pini 204, DDR4 pini 260 na DDR5 pini 262. Mtego mkubwa ni DDR3 na DDR3L, kwa sababu vibao vyake huingia katika nafasi ileile. Cha kwanza hutumia volti 1.5, cha pili volti 1.35, mashine iliyoundwa kwa DDR3L pekee inaweza kukataa kuwaka ikipewa DDR3. Lebo husema PC3 au PC3L, na herufi hiyo moja ndiyo ya kutafuta.

Kwa mnunuzi wa Masasi au Newala, aliye zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, nauli ya kurudisha kibao inaweza kuzidi bei yake. Ni heri kuchomoa kibao cha zamani na kumtumia muuzaji picha ya lebo kabla ya kulipa. Kipya kikifika, kijaribiwe usiku kucha kwa programu ya Memtest86+, ambayo ni ya bure. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ikiongezewa.