Mavune na unyong'onyevu

Aliyelima kutwa huamka na mavune: viungo vinauma, lakini sababu anaijua, na mapumziko ya siku mbili tatu humtosha. Kunyong'onyea ni jambo jingine. Aliyenyong'onyea amelala vizuri, hakubeba zigo, na bado mwili umelegea. Siku hizi yote tunayafunika kwa neno "nimechoka", hata foleni ya magari imo humo, ndiyo maana mgonjwa akilitamka huambiwa akalale.

Waganga husema "uchovu sugu". Wamechagua vizuri: sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe, haiji kwa siku moja. Uchovu wa wiki nyingi upimwe. Huenda damu imepungua, au ni kisukari, tezi ya shingo, hata sonona. Ikiwa ni damu, chai ya rangi juu ya maharage huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, basi isubiri saa moja hivi. (Najua, wengi hawatanisamehe.) Wapo pia ambao wakijikaza leo, kesho hawainuki. Hao wagawe kazi vipande, wapumzike kabla nguvu hazijaisha. Kuwaambia "jikaze" ni kuwaongezea ugonjwa.