Côte d'Azur: pwani ya konje, na majumba mawili yenye historia ya Congo

Côte d'Azur ni jina wanaita kipande cha kusini-mashariki ya Ufaransa, kando ya bahari ya Mediterane, kuanzia upande wa Saint-Tropez mpaka Menton kwenye mpaka wa Italia. Katikati kuna Cannes, Antibes, Nice, na Monaco, ile inchi ndogo yenye mfalme wake. Kila mwaka watu mamilioni wanafika pale kwa kupumzika. Kwa Wakongomani wengi jina hilo linasikilika katika habari za wakubwa: fulani ana nyumba kule, fulani alienda kutibiwa kule. Na kweli, majumba mawili ya pwani hiyo yameingia katika historia ya Congo.

Jina lenyewe si la zamani sana. Mwandishi mmoja Mfaransa, Stéphen Liégeard, njo alilitumia kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1887, na likabaki. Nice yenyewe iliingia Ufaransa mwaka wa 1860 tu. Mbele ya pale ilikuwa ya ufalme wa Piémont-Sardaigne.

Kitu kinashangaza watu leo ni kwamba zamani hakuna mtu alikuwa anaenda kule wakati wa joto. Waliofika wa kwanza walikuwa Waingereza na Warusi wenye feza, wakikimbia baridi ya kwao. Wengine walikuwa wagonjwa wa kifua, waganga waliwaambia hewa ya pale itawasaidia. Mwaka wa 1834 Lord Brougham, mwanasiasa wa Uingereza, alikuwa anaelekea Italia, akazuiwa njiani ju ya kolera. Akalala Cannes, wakati huo kijiji cha wavuvi, akaipenda, akajenga. Wenzake wakamufuata. Barabara maarufu ya Nice ya kutembea kando ya maji inaitwa Promenade des Anglais, ni kusema matembezi ya Waingereza, sababu feza ya kuianza ilitoka kwao. Treni ilifika Nice mwaka wa 1864, na hoteli kubwa kubwa zikaota. Malkia Victoria naye alikuja kupitisha baridi kwenye kilima cha Cimiez. Kuoga jua wakati wa kiangazi kulianza kuzoelewa miaka ya 1920, na mwaka wa 1936, wakati wafanyakazi wa Ufaransa walipata haki ya konje ya kulipwa, hata mtu wa kiwanda akaanza kuota bahari.

Sasa hayo majumba. La kwanza liko Saint-Jean-Cap-Ferrat, ulimi wa inchi unaoingia baharini kati ya Nice na Monaco. Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alianza kununua viwanja pale mwisho wa karne ya 19, na mwaka wa 1904 akanunua jumba linaloitwa Les Cèdres. Miaka hiyo alikuwa angali mwenye État Indépendant du Congo, toka 1885 mpaka 1908, inchi aliyoitawala kama shamba lake pasipo kuikanyaga hata siku moja. Mwaka wa 1896 alikuwa amejitengea sehemu kubwa ya Congo, domaine de la Couronne, pande za ziwa lililoitwa Léopold II, leo Mai-Ndombe. Kauchu iliyotoka pale, watu waliikata kwa kulazimishwa. Kijiji kisichofikisha kilo zilizoombwa kilipigwa, wanawake wakashikwa, wengine wakauawa. Faida ilienda kujenga Ubelgiji, na sehemu ingine ilinunua mali kwenye pwani hii.

Léopold alikufa mwaka wa 1909. Mwaka wa 1924 Les Cèdres ikanunuliwa na familia Marnier-Lapostolle, wenye kutengeneza pombe ya Grand Marnier, na wao wakafanya pale bustani ya miti na maua ya aina maelfu kutoka dunia nzima. Mwaka wa 2019 jumba liliuzwa tena, kwa euro milioni 200. Mgeni hawezi kuingia. Kwa yule anataka kuona namna matajiri wa wakati huo waliishi, kuna Villa Ephrussi de Rothschild karibu pale, jumba la rangi ya waridi lenye bustani tisa, ambalo mwenyewe aliliachia Académie des Beaux-Arts mwaka wa 1934. Hiyo inafunguliwa kwa watu wote wanaolipa tiketi.

Jumba la pili liko mbele kidogo, ukielekea Italia, katika Roquebrune-Cap-Martin: Villa del Mare, ya Mobutu. Wakaaji wa Kivu wenye umri wanakumbuka ile miezi. Uvira na Bukavu zilianguka mwisho wa mwezi wa 10, 1996, Goma ikafuata mwanzo wa mwezi wa 11. Rais alikuwa Uswisi, ametoka kupasuliwa ju ya kansa ya prostate. Hakurudi Kinshasa, alienda kwanza Cap-Martin, na serikali yake ikawa inapanda ndege kumufuata pale kando ya bahari huku vita inaendelea. Alirudi Kinshasa tarehe 17 Desemba. Miezi tano nyuma, tarehe 17 Mei 1997, Kinshasa ikaanguka, na yeye akafa Rabat, inchi ya Maroko, mwezi wa 9 mwaka huo. Mali aliyoacha Ulaya ilizaa kesi za miaka. Ile iliyokuwa imezuiwa Uswisi, karibu milioni 7.7 za franka za kule, iliachiliwa kwa familia yake mwaka wa 2009. Congo haikupata.

Kwenye mtaa huo huo wa Roquebrune kuna nyumba ingine, na hiyo wageni wanaitembelea: kibanda cha mbao cha Le Corbusier, mtaalamu mkubwa wa kuchora majengo. Kina mita 3.66 kila upande. Yeye aliyechora majengo ya serikali kule Inde alikuwa anapitisha konje yake ndani ya chumba kimoja, na alikufa akiogelea pale chini, mwaka wa 1965. Unesco ilikiandika kwenye urisi wa dunia mwaka wa 2016.

Nje ya majumba, pwani yenyewe ni ya nani? Sheria ya Ufaransa inajibu wazi: ukingo wa bahari ni wa watu wote. Sheria ya 1976 inalazimisha mwenye kiwanja kando ya bahari kuacha njia ya mita tatu ya kupita kwa miguu, na ile ya 1986 juu ya pwani inasema kuingia plaji ni bure. Kampuni inaweza kukodisha kipande kwa kuweka viti na miavuli, lakini toka 2006 asilimia 80 ya plaji ya asili inapaswa kubaki wazi. Mambo hayaendi hivyo kila siku. Mwaka wa 2015, wakati mfalme wa Arabia Saudia alikuja kupumzika Vallauris, serikali ilifunga plaji chini ya jumba lake. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi kwa kukataa, na mfalme akaondoka mbele ya wakati.

Mtu anayefika na feza kidogo, kwa mfano anayetembelea ndugu zake Ulaya, anaweza kuona mengi. Treni ndogo za TER zinafuata bahari kutoka Cannes mpaka Menton na kusimama kila kijiji. Plaji ya Nice ni ya mawe ya mviringo, miguu mitupu inateseka. Mchanga uko Cannes na Antibes. Pale Antibes kuna musée ya Picasso, ndani ya ngome alimofanya kazi mwaka wa 1946. Chakula cha bei ya chini katika Nice ya zamani ni socca, mkate mwembamba wa unga wa pois chiche. Saint-Tropez mwezi wa 8 haifai kwa mfuko wala kwa roho, msongamano wa magari unamaliza siku. Na wale wanapenda historia ya Afrika wasikose Fréjus: kuna msikiti Missiri, rangi ya udongo mwekundu, uliojengwa karibu na 1930 kwa mfano wa ule wa Djenné, inchi ya Mali, kwa ajili ya maaskari Waafrika waliokuwa kwenye kambi za pale.

Visa ni ya Schengen, siku 90 zaidi. Kwenye stesheni ya Menton-Garavan, ya kwanza kutoka Italia, toka 2015 polisi wanapanda ndani ya treni kuuliza karatasi, na sura nyeusi njo wanaangalia kwanza. Pasipoti isibaki hotelini.

Njia ya kuzunguka Cap-Ferrat kwa miguu haina tiketi. Inapita chini ya kuta za majumba, bahari upande mwingine, na kwa mwendo wa polepole inachukua kama saa mbili.