Kerezo la Chuma, na Safari ya Kununua Mashini

Watu wa pwani yetu walijua kerezo tangu zamani. Miguu ya vitanda vya Lamu, yenye mapindi na vifundo, ilifanyizwa kwa kerezo: mti huzungushwa kwa kamba ya upinde, na fundi huikaribisha patasi kwenye mti kidogo kidogo, hata upate umbo lake. Kwa mti kazi hiyo ni njema sana. Lakini chuma ni kigumu. Huisukuma patasi, mkono hutetemeka, na fundi ajapokuwa hodari hawezi kukereza fimbo ya chuma yenye unene mmoja toka mwanzo hata mwisho. Basi twataka kueleza jinsi shida hiyo ilivyoondolewa, na jinsi taifa lililojivunia ufundi wake lilivyokwenda kununua mashini kwa wengine.

Henry Maudslay alizaliwa Woolwich, karibu na London, mwaka wa 1771. Alipopata miaka 18 aliingia katika karakana ya Joseph Bramah, mtengenezaji wa makufuli. Makufuli ya Bramah yalikuwa na sifa kubwa, hata moja liliwekwa dirishani pa duka pamoja na tangazo kwamba atakayeweza kulifungua pasipo ufunguo wake atapewa ginea 200. Maudslay alifanya kazi huko kwa uaminifu. Lakini mwaka wa 1797 aliomba aongezwe mshahara, maana alipata shilingi 30 kwa juma naye ana watoto, akanyimwa. Akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe. Twadhani Bramah alipata hasara kubwa siku ile kuliko kama angalilipa ginea zake zote.

Kazi kubwa ya Maudslay ilikuwa kuuondoa mkono wa mtu katika kushika patasi. Patasi ilikazwa juu ya kipande cha chuma kinachoteleza juu ya kitanda kilichonyooka, nayo ikavutwa na skrubu ndefu, na skrubu hiyo ikazungushwa kwa magurudumu ya meno pamoja na chuma kinachokerezwa. Hakuwa mtu wa kwanza kufikiri mambo hayo, kwa kuwa wengine walikwisha kuyajaribu moja moja. Lakini kerezo alilolifanya karibu na mwaka wa 1800 liliyaunganisha yote kwa usahihi usiopata kuonekana. Tangu hapo fundi aliweza kukata skrubu mbili zinazofanana kabisa. Tena wasomaji waangalie neno hili: kerezo huipa kazi unyofu ule ule ulio katika kitanda chake. Kitanda kikipotoka, kila kitu kitokacho humo hupotoka vile vile. Kwa hiyo Maudslay aliwapa mafundi wake mabamba ya chuma yaliyosawazishwa sana ili wapimie kazi zao, na mezani pake alikuwa na kipimo kidogo cha skrubu. Kipimo hicho alikiita “Lord Chancellor”, yaani hakimu mkuu, maana hukumu yake haikuwa na rufani.

Kwa miaka hamsini Waingereza waliamini kwamba hakuna wawezao kuwafundisha ufundi wa chuma. Mwaka wa 1851 walifanya maonyesho makubwa London, wakayaalika mataifa yote. Ndipo akaja Mmarekani mmoja, jina lake A. C. Hobbs, akaliomba lile kufuli la Bramah. Alishughulika nalo saa 51, katika muda wa siku kumi na sita, akalifungua. Tena katika maonyesho hayo hayo kampuni ya Robbins & Lawrence, ya Windsor katika jimbo la Vermont, ilileta bunduki sita, na kila kipande cha bunduki moja kiliweza kutiwa katika nyingine.

Jambo hilo laonekana dogo, bali ni kubwa. Wakati huo bunduki za Uingereza zilifanyizwa na mafundi wengi wa Birmingham na London. Huyu mtutu, huyu mtambo, huyu kitako, na mwisho mtu mwenye tupa na jiliwa huvilinganisha vipande hata vikubaliane. Kipande kilichokubaliana na bunduki moja hakikufaa kwa nyingine. Vita vilipokuwa vikija, na serikali ikihitaji bunduki nyingi upesi, desturi hiyo haikuweza kutosha.

Mwaka wa 1854 serikali ilipeleka watu Marekani wakaangalie, na miongoni mwao alikuwa John Anderson, mjuzi wa mashini. Katika kiwanda cha Springfield waliletewa bunduki kumi, zilizofanyizwa moja kwa kila mwaka tangu 1844 hata 1853. Zikafunguliwa mbele yao, vipande vikachanganywa katika masanduku. Kisha wageni wenyewe wakaokota kipande hiki na hiki pasipo kuchagua, wakampa fundi, naye akaziunga tena bunduki zote kumi. Hakushika tupa, alishika bisibisi tu.

Siri yake ilikuwa vipimo vya chuma, ambavyo kila kipande kilijaribiwa kwavyo, pamoja na mashini ambayo sisi hapa tutaiita mashini ya meno. Katika kerezo kazi huzunguka na patasi hutulia. Katika mashini ya meno gurudumu lenye meno makali huzunguka, na kazi, iliyofungwa juu ya meza, husogezwa chini yake polepole. Hivyo uso ambao fundi angalisumbuka kuusawazisha kwa tupa hutoka laini, na wa pili hutoka kama wa kwanza.

Waingereza wale walinunua. Kwa Robbins & Lawrence walichukua mashini za chuma, zikiwamo za meno, na kwa kampuni ya Ames, ya Chicopee katika Massachusetts, za kuchongea vitako vya mti. Lakini hawakununua chuma tu. Mwaka wa 1855 walimwajiri James Henry Burton, aliyekuwa fundi mkuu katika kiwanda cha Harpers Ferry, awe mkuu wa mashini katika kiwanda chao cha Enfield, upande wa kaskazini wa London. Hapo twawasifu. Mtu anunuaye mashini pasipo mwenye kuijua amenunua mzigo.

Maana kuiweka mashini ni kazi nzima. Msingi uwe mgumu usiodidimia. Kitanda kipimwe kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana, kwa kuwa hata chuma kinene hupindika kikikazwa juu ya mahali pasipo sawa. Kisha hukerezwa fimbo nene, ncha zake mbili zikapimwa: zikitofautiana, fundi hulegeza skrubu za miguu, huinua pembe moja kwa unene wa karatasi, hujaribu tena. Na kama mashini ni kuukuu, anunuaye atazame kitanda karibu na kichwa, maana hapo ndipo patasi hufanya kazi siku zote, na ndipo kitanda huliwa kwanza. Rangi mpya isimdanganye.

Mashini za Enfield zilipokwisha kuwekwa, kiwanda kilifika kutoa bunduki zaidi ya elfu kwa juma. Jina la mahali pale lilifika hata kwetu, kwa bunduki za Lee-Enfield walizobeba askari wa KAR. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka wa 1988. Twahuzunika kwamba akili nyingi namna hii ilitafutwa kwanza kwa ajili ya kuua. Lakini mashini haikukaa huko. Joseph R. Brown, wa mji wa Providence, ambaye mwaka wa 1862 aliuza mashini ya meno ya kwanza iwezayo kukata kwa kupindapinda, alikuwa akitengeneza katika karakana hiyo hiyo cherehani za Willcox & Gibbs. Ndiyo sababu fundi wa nguo akaaye barazani, kipande cha cherehani yake kikivunjika, huagiza kingine dukani, akakitia kwa bisibisi, akaendelea kushona kabla ya jua kuchwa.